Kijiti cha mkononi: Siku ya kukiweka ndiyo siku ya kuuliza kitatokaje

Songea. Kaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto asubuhi yoyote ya siku ya kazi hapa mjini, iwe Mjimwema au hospitali ya mkoa, ukisubiri mtoto apimwe uzito. Nusu saa haitapita bila kusikia habari za kijiti. Mmoja atasema chake kimempa amani huu mwaka wa pili. Mwingine atasema yeye alikitoa mwezi wa tatu kwa sababu damu haikukatika. Wa tatu, ambaye hajawahi kukiweka, atasema aliambiwa na wifi yake kwamba kinatembea mwilini mpaka kufika kwenye moyo.

Wote wanazungumzia kitu kimoja. Kinachowatofautisha mara nyingi ni zile dakika chache za mazungumzo kabla ya kuwekewa: nani alielezwa nini, na nani aliondoka bila kuuliza.

Chukua mfano wa mama mwenye mtoto wa miezi saba. Amewekewa kijiti, mwezi wa kwanza anaona matone ya damu, wa pili hivyohivyo, na hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo ni ya kawaida. Anakwenda kukitoa, na anaondoka kituoni bila njia nyingine. Mvua zinaanza, familia inahamia shambani, na kabla mtoto hajatembea mama ana mimba nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba inayofuata, kwa usalama wake na wa watoto wote wawili. Mama huyu hakuupuuza ushauri huo. Alikosa maelezo.

Ndiyo maana wiki hii ukurasa huu umekusanya maswali yanayoulizwa sana kuhusu kijiti, pamoja na yale ambayo wengi wanaona aibu kuyauliza.

Kijiti ni nini hasa?

Jina la kitaalamu ni kipandikizi. Ni kifimbo laini kinachopindika, chenye urefu wa takriban sentimita 4 na wembamba kama njiti ya kiberiti. Huwekwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kwenye mkono usioutumia sana. Kila siku hutoa homoni kidogo ya aina ya projestini. Homoni hiyo huzuia yai kupevuka na hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, hivyo mbegu za mwanamume hazipiti.

Aina zinazojulikana zaidi nchini ni mbili. Implanon NXT ni kijiti kimoja na imeandikiwa miaka mitatu. Jadelle ni vijiti viwili na ni ya miaka mitano. Ipo pia Levoplant, vijiti viwili vya miaka mitatu. Kwa hiyo kusema tu "nina kijiti" hakutoshi. Unapaswa kujua jina lake, maana jina ndilo linalokuambia tarehe ya kukitoa.

Kinamama wa umri mkubwa wanaweza kukumbuka vijiti sita. Hiyo ilikuwa Norplant, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Finland mwaka 1983. Kuvitoa vyote sita kulichukua muda na kulihitaji mkono uliozoea. Huenda baadhi ya hofu anazosimulia shangazi au mama mkwe zina mizizi huko. Vya sasa ni vichache, na kazi ya kuviweka na kuvitoa imekuwa nyepesi.

Je, kweli kinazuia mimba?

Ndiyo. Katika wanawake 1,000 wanaotumia kijiti, takriban mmoja ndiye hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Nguvu yake inatokana na jambo rahisi: hakuna cha kukumbuka kila siku kama vidonge, wala kurudi kila miezi mitatu kama sindano.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa nchini wanatumia njia za kisasa, na katika njia hizo vipandikizi ndivyo vinavyoongoza. Katika utafiti wa 2015-16 sindano ndiyo iliyokuwa mbele. Bei nayo ilichangia. Mwaka 2013, kampuni ya Bayer inayotengeneza Jadelle ilikubali kuziuzia nchi za kipato cha chini kwa takriban dola 8.50 badala ya dola 18, na watengenezaji wa Implanon wakafuata mwaka huohuo. Kwa mama wa Songea, hayo yote yanaishia kwenye jambo moja: katika vituo vya umma huduma ya uzazi wa mpango hutolewa bure.

Kinaumiza kuwekwa?

Mtoa huduma huchoma kwanza sindano ya ganzi, na sindano hiyo ndiyo utakayoisikia zaidi. Baada ya hapo kazi huchukua dakika chache. Hakuna kushonwa. Mkono unaweza kuvimba kidogo au kupata alama ya bluu kwa siku kadhaa. Uweke mkavu kwa siku nne hivi, na usiubebeshe mzigo mzito siku za mwanzo.

Baada ya kidonda kupona, lima, twanga, beba ndoo, beba mtoto. Kijiti hakivunjiki kwa kazi za kawaida. Ukipapasa kwa vidole utakisikia chini ya ngozi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kabla hujaondoka kituoni, mwombe mtoa huduma akuonyeshe namna ya kukipapasa.

Na hili la kutembea hadi kwenye moyo?

Kijiti kilichowekwa vizuri hukaa palepale, au husogea kidogo sana, chini ya sentimita mbili au zaidi kidogo. Duniani yameripotiwa matukio machache mno ya kijiti kukutwa mbali na mkono, na mara nyingi chanzo ni kuwekwa kwa kina kirefu kupita kiasi, hadi kugusa mshipa wa damu. Kwa hiyo hofu hii haikuzuka hewani, lakini jambo lenyewe ni nadra sana, na kinga yake ni kuwekewa na mtu aliyefundishwa.

Ukipapasa na usikisikie, usikae na wasiwasi nyumbani. Rudi kituoni, na tumia kondomu hadi kitakapopatikana. Hospitali wanaweza kukitafuta kwa altrasaundi, na Implanon NXT huonekana hata kwa eksirei.

Mbona damu haikatiki? Mbona nyingine haionekani kabisa?

Hili ndilo swali linalotoa vijiti vingi kabla ya wakati, na ndilo ambalo mama anapaswa kujibiwa kabla ya kuwekewa.

Kijiti hubadilisha hedhi ya karibu kila mwanamke. Wapo wanaopata matone yasiyo na mpangilio, hasa katika miezi ya kwanza. Wapo ambao siku zao huwa nyingi kuliko zamani. Na wapo wanaokaa miezi bila kuona damu. Kwa wengi hali hutulia kadiri muda unavyokwenda. Si kwa wote.

Kwa wale wasioona damu, swali huwa: sasa ile damu inakwenda wapi? Haiendi popote, kwa sababu haipo. Hedhi ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaojijenga kila mwezi na kubomoka. Homoni ya kijiti huufanya ukuta huo ubaki mwembamba, basi hakuna cha kubomoka. Hakuna uchafu unaorundikana tumboni, na hakuna uvimbe unaotokana na hilo.

Kwa wale wanaotokwa na damu nyingi, kipimo ni hiki: ikizidi siku nane mfululizo, au ikiwa mara mbili ya kiasi chako cha kawaida, nenda kituoni. Zipo dawa za siku chache ambazo mtoa huduma anaweza kukupa damu ikapungua, na ataangalia kama umepungukiwa damu au kama kuna tatizo jingine. Usinunue dawa kwa kukisia.

Wapo kinamama wa Kiislamu wanaouliza pia kuhusu swala na funga wakati matone yanapoendelea. Hilo la ibada mwulize sheikh au ustadhat unayemwamini. Lakini mwambie muuguzi kwamba jambo hilo ni zito kwako, kwa sababu ni sababu halali ya kuchagua njia nyingine tangu mwanzo.

Mabadiliko mengine?

Baadhi hupata maumivu ya kichwa, chunusi, matiti kuuma, uzito kuongezeka au hali ya moyo kubadilika. Wengine hawapati lolote. Kama dalili inakusumbua maishani, hiyo ni sababu ya kurudi kituoni. Usikubali kuambiwa uvumilie tu bila kuchunguzwa.

Yapo mambo yasiyosubiri. Kidonda kikiwa chekundu, cha moto, kikauma au kutoa usaha, nenda. Ukipata maumivu makali ya tumbo chini, nenda siku hiyohiyo. Mimba kwa mwenye kijiti ni nadra, lakini ikitokea inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kichwa kikali kikaja na macho kuona giza, usingoje kesho.

Nani hatakiwi kukiweka?

Mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa kwa sasa, na mwenye kutokwa damu ukeni kwa sababu ambayo haijachunguzwa. Mjamzito naye hana haja nacho. Mweleze mtoa huduma historia yako yote, hata kama hakukuuliza.

Mweleze pia dawa unazotumia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya kufubaza virusi iitwayo efavirenz hupunguza nguvu ya kijiti. Mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao wengi wanaoishi na VVU hutumia sasa, hauna shida hiyo. Antibayotiki za kawaida nazo hazina shida. Na kumbuka, kijiti hakikingi VVU wala magonjwa ya ngono. Kazi hiyo ni ya kondomu.

Ninanyonyesha, vipi maziwa?

Kijiti hakina homoni ya estrojeni, na kimeonekana kuwa salama kwa anayenyonyesha. WHO inaruhusu kiwekwe hata katika siku za mwanzo baada ya kujifungua. Kwa mama anayetoka kijiji cha mbali, kuwekewa kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini kunaweza kumwokoa safari nyingine, ila maelezo ayapate wakati wa kliniki ya ujauzito, si akiwa bado na uchungu.

Kwa asiye mzazi mpya, wakati rahisi ni ndani ya siku saba tangu hedhi ianze, maana kinga huanza mara moja. Siku nyingine pia inawezekana kama mtoa huduma ana uhakika huna mimba. Hapo tumia kondomu kwa siku saba.

Nikikitoa nitakaa muda gani bila kuzaa?

Huhitaji kungoja. Homoni huisha mwilini haraka, na yai linaweza kupevuka ndani ya wiki chache. Wengi huchanganya na sindano ya miezi mitatu, ambayo inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Kijiti sivyo. Kwa hiyo anayekitoa bila kutaka mtoto achukue njia nyingine siku hiyohiyo, kabla hajavuka geti la kituo.

Mwanamke akikaa mwaka mzima akitafuta mtoto bila kufanikiwa, waende wote wawili hospitali. Magonjwa ya ngono ambayo hayakutibiwa na matatizo ya mbegu za mwanamume ni miongoni mwa sababu, lakini kijiti ndicho hulaumiwa kwa kuwa ndicho kinachokumbukwa.

Kuna haja ya ruhusa ya mume?

Miongozo ya uzazi wa mpango nchini haidai saini wala ridhaa ya mume. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe.

Lakini nyumba ina mambo yake. Kijiti hakionekani kwa macho, ila mkono ukishikwa kinaweza kusikika, na damu isiyokoma haifichiki. Baba aliyekuwa Ngaka kwenye makaa ya mawe mwezi mzima, akarudi na kukuta hali asiyoielewa, anaweza kufikiri vibaya. Pale ambapo mazungumzo ni salama, kumweleza mapema kwamba damu inaweza kuvurugika kunapunguza nusu ya ugomvi. Pale ambapo si salama, mwambie muuguzi, naye atakuonyesha njia zisizoacha alama.

Na wewe baba unayesoma hapa kwenye simu: nenda naye kliniki. Hakuna atakayekucheka. Maswali uliyonayo, kama nguvu zake zitapungua au kama atakuwa mgumba, yamejibiwa mara nyingi kwenye vyumba vile.

Binti yangu amezaa akiwa mdogo. Anafaa?

Kitabibu, msichana aliyezaa au ambaye hajazaa anaweza kutumia kijiti, na hakimharibii kizazi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Mzazi anayempeleka binti huyo kupata ushauri anamlindia dawati lake. Aende kama msindikizaji, amwachie nafasi ya kuzungumza na mtoa huduma peke yake. Na kama binti ana umri chini ya miaka 18, kumbuka kwamba aliyempa mimba ametenda kosa la jinai. Kijiti hakifuti jambo hilo, na dawati la jinsia polisi lipo kwa ajili yake.

Kutoka, sasa

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo imani inapojengwa au kuvunjika. Kuwekewa kijiti ni hiari, na kukitoa ni hiari vilevile. Huhitaji kungoja miaka mitatu au mitano iishe, na huhitaji sababu kubwa. Mtoa huduma anaweza kukuuliza kwa nini na kukupa ushauri, lakini neno la mwisho ni lako.

Si lazima kitolewe pale kilipowekwa. Uliwekewa Songea ukahamia Mbamba Bay au Dar es Salaam? Nenda kituo chochote chenye mtu aliyefundishwa kutoa. Piga simu au ulizia kwanza, kwa kuwa kutoa kunahitaji ujuzi wake, na kijiti kilichozama hupewa rufaa. Baadhi ya vituo vya taasisi za dini havitoi huduma hii kwa sababu za imani, hivyo ulizia kituo cha serikali kilicho karibu.

Usimruhusu mtu yeyote akuchane mkono kwa wembe nyumbani, hata awe ndugu. Unaweza kupata maambukizi, mshipa wa neva ukaumia, au kijiti kikakatika na kipande kikabaki ndani.

Muda ukipita bila kukitoa, hakigeuki sumu. Kinachotokea ni kinga kupungua, na hapo ndipo mimba zisizotarajiwa huingia. Katika mkoa ambao familia nyingi hukaa shambani kuanzia mvua za Novemba hadi mahindi yavunwe, tarehe inayoangukia katikati ya msimu husahaulika kirahisi. Kama yako iko Februari, kitoe au kibadilishe Oktoba kabla ya kuhama. Mkono uleule unaweza kuwekewa kipya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo siku ukikaa kwenye kiti kile, kabla ganzi haijachomwa, uliza haya matatu. Hiki kinaitwaje na mwisho wake ni tarehe ngapi? Damu yangu itabadilikaje, na nirudi lini nikiona imezidi? Na nikitaka kukitoa kesho, nije wapi na nani atanitoa? Muuguzi akikujibu yote matatu, weka. Akishindwa la tatu, uliza kituo kingine kwanza.

Kama tayari unacho mkononi, chukua kadi yako ya uzazi wa mpango sasa hivi. Tafuta tarehe. Iandike kwenye simu hii unayosomea, uweke ikukumbushe mwezi mmoja kabla, kisha iandike tena nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Simu hupotea. Kadi ya mtoto hakuna mama anayeipoteza.